Shule Niliyoifuta

Baraka, 11 Novemba 2002

Miguu imevimba tena. Nikiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki kama kwenye udongo wa mfinyanzi. Nilipomuuliza muuguzi wa kituo cha afya kama nitapona, alinitazama, akatazama karatasi yake, kisha akaniuliza kama nina watoto wengine walio mbali. Nilikuwa mbunge kwa miaka kumi na miwili. Najua maana ya mtu kujibu swali kwa swali. Akanilaza siku tatu, akaniruhusu jana.

Nikiwa njiani kurudi nimenunua daftari hili. Kuna jambo moja ambalo sijamwambia padri, wala sikumwambia marehemu mke wangu, na mvua hizi sidhani nitaziona zikiisha. Nitaliandika hapa. Si leo.

12 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Sikuliandika.

17 Novemba

Amekuja Henri. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma, kabla ya siasa kunitoa darasani. Sasa ana tumbo, na simu ya setilaiti yenye antena nene kama kidole gumba. Vijana wenye bunduki wanaoshika mji humpigia saluti. Nilimwona akiipokea saluti ile bila kushangaa.

"Muzee, banasema tutakwenda Kinshasa. Jina yangu iko kwa liste."

"Liste ya nani?"

"Ya amani, Muzee. Ya batu ba serikali mpya."

"Kumbe amani nayo ina liste."

Alicheka peke yake. Kisha akasema alichokuja nacho. "Nataka ile discours yako ya zamani. Ile ulisema serikali ilipe bamwalimu, na masomo ya nchi tatu ikuwe moja."

Anaikumbuka vizuri. Mwaka 1979, kule Kinshasa, ambako siku hizo tulioketi bungeni tuliitwa makomiseri wa wananchi, nilisimama nikasema kwamba cheti cha Uvira kitambuliwe Bujumbura, na cha Cyangugu kitambuliwe Bukavu. Kwamba ushuru wa samaki, chumvi na mawese yanayovuka ziwa utoshe kulipa walimu wa pande zote. Kwamba ni aibu kwa dola pale mama anapouza kuku ili mwanawe ajue kusoma. Watu walisimama na kupiga makofi. Ningali naamini kila neno la hotuba ile, na hapo ndipo ubaya wangu unapoanzia.

Lakini Henri anaitakia nini leo? Majeshi ya nchi zile mbili za jirani yametukanyaga miaka minne. Mwenye karatasi ile anaweza kusoma nusu, akaishia hapo, akasema: tazameni, mzee huyu alitaka tuwe kitu kimoja nao. Nilimwambia nitaitafuta.

Immaculée alileta chai. Ni mjane wa mwanangu Lionel, na ni mwalimu wa darasa la sita katika shule iliyo karibu na soko. Aliiweka juu ya kigoda, akarudi nyuma hatua mbili. Kwetu mke wa mwana hampi baba mkwe kitu mkononi, na chumba anacholala haingii kabisa. Akiingia ni kama amemvua nguo mbele za watu. Miaka kumi na tisa tumekaa hivyo. Akifagia, ufagio wake unaishia kizingitini pangu.

Niliona Henri akimtazama alipotoka. Sijui alikuwa akitazama nini.

24 Novemba

Kassimu, mwenye mitumbwi ya mota, amepita baada ya swala ya alasiri.

"Honorable! Bado uko? Na mi nilishakuletea sanda ya bei nzuri kutoka Kigoma."

"Mpe mkeo ashone mapazia."

"Alisema ni fupi." Akakaa, akaona daftari. "Unaandika nini?"

"Mvua."

"Mvua mingi sana, naona. Kurasa tatu."

Tumekuwa marafiki tangu tuna meno yote. Hata hivyo nilijiuliza amezihesabu kwa nini.

2 Desemba

Jumatatu ni siku ya primu, yaani ile michango ambayo wazazi wanawalipa walimu kwa sababu serikali haiwalipi. Immaculée amerudi amekunja uso.

"Papa, leo nimerudisha batoto kumi na moja nyumbani. Moja alileta yai."

"Ukalifanyaje yai?"

"Nilimurudisha nayo."

Hakula jioni.

8 Desemba

Sanduku langu limesogezwa.

Ni sanduku la bati, liko chini ya dirisha la chumba changu tangu 1986. Leo nimeona liko umbali wa mkono mmoja kutoka ukutani. Nguvu za kuliinua sina, ila nimelifungua. Hotuba ipo. Nyaraka mbili zilizokuwa chini yake hazipo. Na sakafuni, kwenye vumbi lililoganda baada ya unyevu, kuna alama ya unyayo mdogo usio na kiatu. Ni unyayo wa mwanamke.

Nimekaa kitandani mpaka jua limetua. Sasa lazima niandike, kabla mwingine hajaandika kwa niaba yangu.

9 Desemba

Karatasi ya kwanza ni amri ya wizara ya mwaka 1977 inayoitambua shule ya msingi ya Nyamihanda, juu mlimani, na kuwaingiza walimu wake katika orodha ya mishahara ya serikali. Niliipigania mimi. Nilipanda huko kwa miguu siku mbili, nikaona vyumba vinne ambavyo wazazi walivijenga kwa mabati yaliyobebwa kichwani kutoka ziwani. Wazazi wale ni wafugaji. Walinichinjia ndama. Mzee wao alinionyesha kaburi la babu yake, nyuma ya darasa la pili.

Karatasi ya pili ni nakala ya barua ya mwaka 1982. Mwaka huo serikali haikuwa na fedha, na wale waliotukopesha walitaka walimu wapunguzwe. Kila mmoja wetu aliambiwa ataje shule ya kufutwa katika eneo lake. Ya kwangu ilipaswa kuwa shule moja ya njia ya Lulimba, ambayo ilikuwa na watoto ishirini na wanane tu. Mkuu wake alikuwa mtoto wa shangazi yangu. Nyamihanda ilikuwa na watoto mia moja na kumi na wawili.

Niliandika Nyamihanda. Na kwa kuwa hesabu haikunisaidia, nilitafuta sababu nyingine. Niliandika kwamba wanafunzi wa shule ile ni watoto wa wageni, ambao utii wao kwa nchi unatia shaka. Nililiona kaburi lile kwa macho yangu, na bado niliandika. Uchaguzi ulikuwa karibu, na hapa Baraka watu walikuwa wamekwisha kuanza kuuliza kwa sauti kwa nini wageni wanajengewa shule. Habari ya kufutwa ilipofika, walinibeba mabegani kutoka gatini mpaka kanisani.

Miezi minne kabla ya hapo nilikuwa Gisenyi, nikihutubia wajumbe wa nchi tatu juu ya undugu wa watu wa maziwa.

Sisemi kwamba vita vimetoka katika shule moja. Watu wengi zaidi yangu walifanya kazi hiyo kwa bidii, na wa kwetu pia wameua wasio na hatia. Lakini waliposhuka vijana na bunduki kutoka mlimani mwaka 1996, nilipiga hesabu: mtoto wa darasa la kwanza wa mwaka 1982 alikuwa na miaka ishirini.

10 Desemba

Ni Immaculée. Nani mwingine? Kaka yake Willy hununua ng'ombe huko juu hata sasa, wakati hakuna anayethubutu kupanda. Wamemwachia njia kwa nini? Wanamdai nini?

Kumuuliza siwezi. Nikimuuliza nitakuwa nimetamka kwa kinywa changu kwamba mke wa mwanangu aliingia ninapolala. Neno hilo likishatoka, mmoja wetu ataihama nyumba hii.

13 Desemba

Amechelewa kurudi kutoka shuleni. Alisema ni madaftari.

15 Desemba

Madaftari tena. Na ni Jumapili.

18 Desemba

Redio inasema wamesaini Pretoria. Wote watakaa meza moja: waliopo Kinshasa, waasi, watu wa porini. Watoto walikimbia barabarani wakipiga masufuria. Vijana wa kizuizi cha njiani nao walipiga risasi hewani, ikatubidi tulale chini kwa ajili ya amani.

Henri alikuja na viatu vipya.

"Muzee, discours."

Nilimpa. Aliipindua, akaitazama nyuma, akanitazama. "Ni hii tu? Banasema ulikuwa na dossier muzima ya makaratasi."

"Akina nani wanasema?"

"Batu."

Akilini nilikwisha kuiona barua yangu ikisomwa bungeni, na jina langu likitemewa mate na wajukuu wa wale walionibeba. Nikasema, na nimerudia maneno haya kichwani mpaka yamekuwa kama kidonda: "Nyaraka nyingine muulize Immaculée. Kaka yake anapanda mlimani. Mimi sijui zinakwenda wapi."

Henri alikunja hotuba, akaitia mfukoni bila kuisoma.

25 Desemba

Misa sikwenda. Immaculée alipika kuku. Nilimngoja aonje kwanza.

6 Januari 2003

Wamemchukua Immaculée.

Ilikuwa saa nne asubuhi, darasani. Mkuu wa shule alikuja mbio kuniambia, mikono yake imejaa chaki. Walikuja vijana wanne wenye bunduki. Walipekua ofisi ya walimu, na ndani ya rejista kubwa ya mahudhurio, katikati ya kurasa, wakakuta amri ya 1977 na barua. Waliisoma amri: Nyamihanda, mlimani. Hawakuhitaji kusoma zaidi.

"Banasema anapeleka makaratasi kwa adui," alisema mkuu wa shule. "Muzee, batoto walilia. Darasa yote."

Karatasi zimepatikana. Kumbe nilikuwa na haki ya kumshuku. Nilijiambia hivyo, nikangoja furaha ya mtu aliyeshinda hoja, haikuja.

7 Januari

Mvua kubwa ya upepo. Nilikuwa nimekaa pembeni mwa kitanda. Tone likaanguka, kisha jingine, kisha mfululizo, kutoka katika tundu la zamani la risasi kwenye bati. Maji yalianguka chini ya dirisha, mahali hasa lilipokuwa likikaa sanduku.

Nikalipapasa sanduku: upande uliokuwa ukutani umeliwa na kutu.

8 Januari

Kassimu alinibeba kwenye keria ya baiskeli yake mpaka ofisi ya usalama.

"Shika kiuno yangu, Honorable. Ukianguka, batasema nilikutupa mimi."

"Twende tu."

"Usinikamue! Mi si bibi yako."

Alikuwa akinichekesha kwa sababu aliona naogopa. Na mimi nilikuwa nimemshuku kwa ajili ya kurasa tatu.

Kamanda ni kijana, labda miaka thelathini. Nyuma yake, kwenye benchi, Immaculée alikaa bila viatu, mdomo umevimba. Henri alikuwapo pia, amesimama dirishani. Karatasi zangu zilikuwa mezani, zimekunjamana kama ngozi iliyoloa ikakauka.

Immaculée hakumngoja kamanda aulize. Aliniambia mimi, macho yake yakiwa chini. "Papa, ulikuwa umelala kwa santé, ile siku tatu. Maji ilikuwa inaanguka juu ya sanduku, na imeoza pembeni, ilikuwa inaingia ndani. Niliita batu, hakukuwa muntu. Niliingia. Ile mbili za chini zilikuwa zimeshikamana. Kwa jikoni moshi ingeziharibu, nikazipeleka masomo, kwa ofisi ya bamwalimu, nikaziweka ndani ya rejista zikauke. Nilitaka kuzirudisha siku utatoka kwa nyumba, na haukutoka. Nisamehe."

Alikuwa amelala siku mbili mahali pale, amepigwa, na alichokiombea msamaha mbele ya wanaume wale ni kuingia chumbani mwangu.

Nikasema: "Kamanda, mwanamke huyu hana kosa. Ni mimi niliyemsema vibaya. Nyaraka hizi ni zangu zote mbili. Soma na ile ya pili uone mkosaji."

Aliisoma polepole, midomo ikichezacheza. Nilikuwa tayari kwa kofi, kwa jela, kwa chochote. Alipofika mwisho aliinua uso, na uso ule ulikuwa unang'aa.

"Muzee! Kumbe we ulibaona mapema!"

Alisimama. Akanipigia saluti. Akamwita mwenzake aje asome mstari ule wa wageni na utii, na mwenzake akapiga makofi. Kamanda akasema familia ya mzalendo kama huyu haiwezi kuwa na msaliti, akaamuru Immaculée arudishiwe viatu. Amri ya 1977 alinitupia. Barua aliibakiza. Ameibandika ukutani kwa gundi, nikiwa nimesimama pale pale.

Tulitoka. Henri alinishika mkono kwa heshima mpya. "Muzee, kwa nini haukunionyesha hii? Tungekuwa tumefika mbali."

10 Januari

Leo nimemwita Immaculée uani.

"Uliisoma ile barua?"

"Niliibandua kwa mikono yangu, Papa. Niliisoma."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningesema niliisomea wapi?"

Akaendelea kuchambua maharagwe, kisha akasema bila kuinua kichwa: "Benyewe banasema kwa ajili ya barua ile niko huru. Mi sitaki kuwa huru namna ile."

21 Januari

Immaculée ameleta habari kutoka kwa inspekta wa shule. Shule yoyote iliyowahi kuwa na amri inaweza kurudishwa kwenye orodha ya mishahara serikali mpya ikianza, na vyeti vyake vikatambulika. Faili lifike kabla ya mwisho wa Februari. Kwa shule iliyofutwa kwa sababu ya uongo, linatakiwa pia tamko la aliyeomba ifutwe, lisomwe mbele ya kikao cha wazazi, na wazazi watatu watie sahihi kwamba wamelisikia. Kikao chochote cha eneo la Fizi kinafaa.

Kule Nyamihanda, kumbe, wanasoma hata leo, chini ya turubai. Willy ndiye aliyemwambia. Anapitishwa njiani kwa sababu huwapelekea chaki.

Nilikuwa nimeandika humu kwamba wanamdai kitu.

29 Januari

Nimemwomba Henri alipeleke faili mwenyewe akipanda Kinshasa. Alikataa.

"Hii itanimaliza mbele sijafika. Muzee, wewe ni shujaa sasa. Kufa shujaa, ni bei rahisi."

4 Februari

Pumzi fupi. Mistari hii miwili imenichukua asubuhi nzima.

15 Februari

Kikao cha wazazi kilianza saa tatu, katika darasa la Immaculée. Walikuja kama sitini. Kassimu na mkuu wa shule walinibeba na kiti changu. Nilipoingizwa, watu walisimama wakapiga makofi. Barua iliyo ukutani kwa kamanda imekwisha kusomwa na nusu ya mji. Mmoja akapaza sauti: "Baba wa Fizi!" Nimewahi kusikia makofi mengi. Haya nilitaka yaishe.

Nilisoma tamko nikiwa nimekaa. Nilisema kwamba mwaka 1982 niliandika uongo, nikiujua kuwa ni uongo, ili nimlinde ndugu yangu na nishinde uchaguzi. Kwamba watoto wale mia moja na kumi na wawili walikuwa watoto wa Fizi. Kwamba aliyefuta shule ya jirani kwa kumwita mgeni ndiye huyo huyo aliyesimama mbele ya nchi tatu akasema sisi ni wamoja, na kwamba jumuiya yoyote ya mataifa isiyoanzia mlima wa nyuma ya nyumba yako ni karatasi tu. Kwamba dola ikishapata ruhusa ya kutomlipa mwalimu wa mtoto mmoja, itaacha kumlipa na wa kwako.

Kisha mtu nyuma akacheka. "Ni homa."

Mwingine akaitikia: "Bamemufundisha. Angalia muke wa mutoto yake pale."

Henri alisimama, akiwa na uso wa huruma. "Bazazi, Muzee amechoka. Tusimuonee." Akaniinamia kama mtu anavyomwinamia mtoto. "Muzee, leo ni tarehe ngapi?"

Nikamjibu. Nikamwambia na siku. Nikawaambia idadi ya watoto wa Nyamihanda darasa kwa darasa, thelathini na mmoja, ishirini na wanne, ishirini, mpaka la sita. Na namba ya amri, na mwezi iliposainiwa. Nikamwambia Henri alikuwa wa ngapi darasani mwaka niliomfundisha. Hapo baadhi walicheka, lakini si mimi waliyenicheka.

"Kama ni homa," nikasema, "basi nilikuwa na homa nilipoandika ile mnayoipenda."

Immaculée, aliyekuwa katibu wa kikao, alifungua kitabu cha muhtasari mezani, akaweka kalamu juu yake. Hakuomba. Kila mtu alijua kwamba jina litakaloandikwa pale litamfikia kamanda kabla ya saa sita. Henri alitoka, na watu kama thelathini wakamfuata.

Kassimu, anayemlea mjukuu wake wa darasa la pili, alikwenda wa kwanza. Hajui kuandika, alitia kidole kwenye wino. "Nimeshakula na huyu muzee uongo mingi," alisema. "Wacha nile na ukweli, nione kama inashiba."

Wa pili alikuwa mkuu wa shule. Mwanawe anasoma hapo, kwa hiyo naye ni mzazi. Aliandika haraka, kama anayechoma kitu.

Kisha hapakuwa na mtu wa tatu. Mvua ilianza kwenye mabati. Waliobaki walitazama miguu yao. Nilianza kuhesabu siku zilizobaki za Februari, na pumzi zangu.

Aliyesimama ni mama Anastasie, muuza dagaa. Mumewe na wanawe wawili wakubwa waliuawa mwaka 1998, na kila mtu hapa anajua ni upande gani uliowaua. Nilifikiri anakuja kunitemea mate, nami sikuinua mkono kujikinga.

Alisimama mbele ya meza, akawageukia watu.

"Mi sisaini kwa ajili ya bale ba mulimani. Ile balinifanyia, Mungu anajua, na mi najua. Lakini mwaka jana batoto yangu banne balifukuzwa humu ndani juu ya primu, na hakuna aliyesema ni bageni. Balikuwa ba hapa. Balifukuzwa hivyo hivyo. Na nyinyi wote mulinyamaza." Akanyoosha mkono. "Leta kalamu."

Aliandika jina lake polepole, herufi kubwa, akikandamiza mpaka karatasi ikatoboka mahali pamoja. Kisha alinitazama bila huruma hata kidogo, akajitwika beseni lake, akaenda zake sokoni.